Mafuta ya Pua

Mtaa mzima ulimwita Kioo, na jina hilo hakulipenda wala hakulikataa, maana sababu yake alitembea nayo usoni. Wapo watu wa kutoka jasho na wapo watu wa kutoka mafuta. Yeye alikuwa wa kundi la pili, na kama wangekuwa na chama angekuwa mwenyekiti. Aoge asubuhi, ajisugue kwa taulo mpaka ngozi iwashe, lakini kabla chai haijapoa pua imeshaanza kumeremeta. Fundi cherehani wa mlango wa pili alikuwa na mazoea ya kuinama mbele ya paji lake la uso na kujifanya anachana nywele. Utani huo aliurudia miaka kumi na saba, na kila mara alianza kucheka yeye mwenyewe.

Kazi ya Kioo ilikuwa picha. Usizifikirie hizi za siku hizi ambazo mtu anajipiga mia moja akisubiri mkate ukauke kwenye kikaango. Picha zake zilikuwa za filamu, za chumba cha giza, za dawa tatu kwenye beseni tatu na taa nyekundu ukutani. Wateja wa kupigwa picha mpya walishaingia mitini zamani. Waliobaki walikuja na bahasha zilizochakaa, ndani yake negativu, vile vipande vya filamu vya kuchapia picha, za miaka mingi, wakitaka babu atoke upya, shangazi atoke upya. Hapo Kioo hakuwa na mpinzani. Negativu iliyokwaruzika ikipita mikononi mwake, picha ilitoka haina mkwaruzo. Watu walisema ana dawa ya ng'ambo. Yeye alijibu, "Siri ya kazi," akabadilisha mazungumzo.

Siri yenyewe ilikuwa hii, na mwenye kinyaa aruke mistari michache. Filamu ina pande mbili: upande wa dawa, ambako sura ya mtu imelala, na upande wa mgongo, ambao ni plastiki tupu. Mkwaruzo ukiwa wa mgongoni, sura haijaumia. Ni mfereji mwembamba tu unaopotosha mwanga wa mashine ya kukuzia picha, na kwenye karatasi unatoka mstari mweupe. Ukiujaza mfereji huo kwa mafuta mepesi yanayopitisha mwanga vizuri, mashine haiuoni tena. Na mafuta hayo Mungu ameyaweka pembeni mwa pua ya binadamu, pale pua inapokutana na shavu. Unapitisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto puani, unakipitisha kwenye mkwaruzo, unapangusa ziada kwa kitambaa laini, umemaliza.

Mzee aliyemfundisha kazi alimpa siri hiyo mwaka wa pili, baada ya kufunga mlango kwa komeo, akamwapisha asimwambie mteja hata akibanwa. "Hakuna mtu," alisema mzee yule, "atakayetundika ukutani picha ya mama yake akijua imepitia puani kwako." Kwa miaka thelathini na moja Kioo alikishika kiapo hicho. Hata mkewe hakujua.

Mkewe naye alikuwa mfanyabiashara wa vipodozi, na chumba cha mbele cha studio kilikuwa himaya yake. Alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri na ulimi mwepesi, na kitu kikishaandikwa kwenye pakiti yeye alikuwa amekiamini. Siku moja alimwekea mumewe mezani chupa ndogo yenye mpira wa kudondoshea.

"Skwaleni," alisema. "Matone mawili tu usoni, ngozi inalainika kama ya mtoto mchanga."

"Inatoka wapi?"

"Zamani waliikamua kwenye maini ya papa. Siku hizi wanaitoa kwenye zeituni, hata kwenye miwa. Ila ngozi ya mtu nayo inajitengenezea yenyewe, wameandika hapa. Hasa paji la uso na pua."

Chai ilimpalia Kioo, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mke wangu," alisema alipopata sauti, "kwa hiyo hicho unachokiuza kwenye chupa, mimi ninacho bure?"

"Chako ni uchafu, mume wangu. Hiki kimesafishwa, kikatulizwa kisichache. Usijilinganishe."

Kwenye rafu hiyo hiyo, sentimita chache kutoka ile chupa, alikuwa anauza sabuni ya udongo ya kuondoa mafuta usoni. Yaani asubuhi mteja anauziwa cha kuyaondoa, jioni anauziwa cha kuyarudisha, na pande zote mbili anashukuru. Kioo aliliona jambo hilo na akanyamaza, kama wanavyofanya waume wanaotaka kula chakula cha moto.

Kunyamaza hakukumsaidia. Sabuni ilihitaji ushahidi, na uso uliokuwa uking'aa kuliko nyuso zote za mji ulikuwa unalala kitanda kimoja na muuzaji. Mkewe alimbembeleza siku tatu, siku ya nne akakubali: mwezi mmoja wa kunawa kwa udongo, asubuhi na jioni, na picha mbili zibandikwe dukani, ya kabla na ya baada. Picha ya kabla alijipiga mwenyewe. Ilikuwa nzuri sana, ungeweza kuona dirisha zima la studio puani mwake. Kisha kila siku kabla ya kufungua duka mkewe alimkandamizia puani kijikaratasi chembamba cha kunyonya mafuta, akakinyanyua kwenye mwanga na kukikagua kama daktari anavyokagua kipimo. Wiki ya tatu karatasi ilitoka nyeupe. Mkewe alipiga vigelegele. Kioo aligusa pua yake, akahisi gunia.

Siku hiyo hiyo, Jumatano, mama mkwe wake akaingia.

Mama huyu alikuwa amesimamia chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka arobaini, akastaafu, lakini macho yake hayakustaafu. Hakunywa maji nyumbani kwa mtu bila kwanza kuinua glasi dirishani. Siku Kioo alipokwenda kuposa, mama alimtazama usoni kwa muda, kisha akamuuliza bintiye kwa sauti iliyofika barabarani, "Huyu ametoka kukaangwa?" Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu hapo, na alikuwa hajamwita mkwewe kwa jina lolote zaidi ya "mpigapicha". Aliyekuwa akimtetea ni baba mkwe, mzee wa posta, mcheshi, mtu wa kucheka na watu wote. Naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Mama alitoa bahasha kwenye mkoba akaiweka mezani.

"Ile picha yake ya ukutani imekwisha," alisema. "Paa lilivuja, maji yakapita usoni kwake. Nikaipeleka negativu kwenye duka la kompyuta. Wamenipa mwanamume mwenye shavu la mtu mwingine. Lainiii! Mume wangu hakuwa na shavu kama lile hata siku tuliyooana."

Kioo aliijua negativu hiyo kabla ya kufungua bahasha, kwa sababu aliipiga mwenyewe siku ya harusi yake. Baba mkwe alikuwa mtu wa kukimbia kamera, na hiyo ndiyo mara pekee aliyonaswa, kichwa nyuma, mdomo wazi, anacheka. Kesho yake mama alikuja kuichukua negativu yenyewe, akisema hataki siku moja akute mumewe anauzwa dirishani. Sasa ilikuwa imerudi, na kutoka sikio mpaka kidevu ulikuwapo mkwaruzo mmoja mrefu. Kioo aliigeuza kwenye mwanga. Mkwaruzo ulikuwa wa mgongoni.

"Imepatwa na nini, mama?"

"Panya," alisema mama, akitazama pembeni.

Kioo hakuwahi kumwona panya anayekwaruza kwa mstari ulionyooka hivyo, lakini hakubisha.

"Jumamosi ndugu zake wanakuja," mama aliendelea. "Watakuta ukuta mtupu. Watasema nimemtupa." Sauti yake ilishuka, jambo ambalo Kioo hakuwahi kulisikia katika miaka ishirini na miwili. "Utaweza?"

"Nitaweza, mama. Njoo Ijumaa."

Alisema hivyo kwa kifua mbele. Mama aliposhika njia, akainua kidole kidogo cha kushoto akakipitisha puani, na kidole kikatoka kikavu. Akajaribu upande wa pili. Vilevile. Hapo ndipo akili ilipomrudia, akakaa chini.

Kwanza alimwendea mkewe. "Nipumzishe na ile sabuni siku mbili tu."

"Siku mbili! Zimebaki tisa! Wateja wanakuja kila asubuhi kuulizia uso wako, wewe unataka kuniaibisha?"

"Ngozi imekauka."

"Ndiyo maana ya sabuni, mume wangu."

Angeeleza nini? Kiapo kilimziba mdomo. Alhamisi alijaribu kunawa kwa maji matupu, mkewe akaona hakuna povu, akarudi na sabuni. Alisimama uani juani saa nzima akitazama juu, akapata kizunguzungu. Alikula mayai manne ya kukaanga akiamini kitu kitapanda. Hakikupanda. Mchana, mkewe alipokwenda kuchukua mzigo, alijipenyeza dukani kama mwizi nyumbani kwake mwenyewe, akadondosha tone moja la ile skwaleni kwenye kiganja.

Hakuwa mjinga wa kuanzia kwa baba mkwe. Alichukua negativu iliyoharibika ya mwenyekiti wa wafuga kuku, aliyejaa mikwaruzo, akampaka, akachapa picha. Mikwaruzo ilizibika kweli. Lakini watengenezaji wa chupa ile, kwa kumpendeza mnunuzi, walitia ndani chembe za kumetameta, na kila chembe ilizuia mwanga. Mwenyekiti alitoka kwenye beseni na nyota usoni, kumi na moja kwenye shavu la kulia, moja kubwa juu ya mdomo. Kioo alimtundika kwenye kamba akauke, akamwomba radhi.

Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikwenda mlango wa pili, akamkuta fundi cherehani ameinamia mashine, pua yake nene inang'aa vizuri sana.

"Rafiki yangu, nina shida. Nakuomba usicheke."

"Sema."

"Naomba pua yako."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Kioo hakumweleza kiini, alisema tu ni mambo ya kazi, na urafiki wa miaka kumi na saba ukamleta fundi mpaka studio, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akafumba macho kama anayesubiri sindano. Kioo akanyoosha kidole kidogo, akakipitisha taratibu kwenye pua ya rafiki yake, kisha akakipaka kwenye kipande cha filamu mbovu. Kikaangaza kidogo, kikakauka, kikabaki na madoa meupe. Lilikuwa jasho. Maji na chumvi.

"Labda upande wa kushoto," alisema Kioo kwa sauti ya kukata tamaa, akaishika tena pua.

Mlango ukafunguka, mama mkwe akasimama pale na mkoba wake.

Alimtazama fundi. Alimtazama mkwewe. Alikitazama kidole.

"Mnafanya nini?"

"Mimi nina suruali ya mtu," alisema fundi, na huo ndio ukawa ushujaa wake wote. Alipita pembeni mwa mama kwa adabu kubwa, na kabla mlango haujajifunga cherehani yake ilisikika inakimbia.

Kioo alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kudanganya, uongo wa aina tatu nne ulikuwa mdomoni, lakini mama alikuwa tayari ameiona negativu juu ya meza ya mwanga, na mkwaruzo upo pale pale. Akasema yote. Alisema habari ya mfereji na mwanga, ya mzee aliyemfundisha, ya kiapo, ya sabuni ya udongo, hata ya mayai. Alizungumza akiwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu anayesomewa mashtaka na kujisomea mwenyewe.

Mama aliinua macho kutoka kwenye negativu.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "watu wa mji huu wametundika ukutani wazee wao, wamepakwa pua yako."

"Mafuta tu, mama. Na kwenye negativu tu. Kwenye karatasi hayafiki."

"Na za harusi ya binti yangu?"

"Mbili."

"Hm."

Alivuta kile kiti cha wateja akakaa. Alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Kioo alisubiri matusi, akajiandaa kuyapokea bila kujitetea, maana kweli alistahili.

"Hakuwa panya," alisema mama.

Kioo hakuelewa.

"Nilikuwa naitoa kila siku, naishika dirishani, namfuta vumbi, namtazama. Siku moja nikaona vumbi kwenye shavu lake. Nikalifuta kwa upindo wa aproni, na aproni ilikuwa na mchanga wa kusugulia sufuria." Alikuwa anaitazama mikono yake. "Miaka arobaini nimefua mashuka ya hospitali nzima, sijachana hata moja. Nikaja nikamchana mume wangu uso kwa kumfuta vumbi."

Hakulia. Ila Kioo, ambaye kwa miaka ishirini na miwili alimwogopa kama anavyoogopwa mkaguzi wa kodi, alimwonea huruma.

"Lazima iwe pua ya mwanamume?" mama aliuliza ghafla.

"Pua yoyote, mama. Mradi iwe na mafuta."

Mama akatoa leso mkobani, akailowesha kwa maji ya kwenye jagi, akajifuta uso. Leso ilitoka na poda. Akafuta tena, poda zaidi. Kioo alitazama pembeni, kwa adabu na kwa mshtuko.

"Nina poda usoni tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na tano," alisema mama. "Unadhani kwa nini? Shuleni waliniita Taa. Ukinisikia nikimsema mtu mwingine anang'aa, ujue namsema kwa uzoefu. Haya, inachukua muda gani?"

"Yangu, wakati wa uzima wake, robo saa."

Wakakaa kuisubiri pua, mama kwenye kiti, mkwe kwenye kigoda, kama watu wanaosubiri birika lichemke. Dakika ya saba ikaanza kumeremeta. Dakika ya kumi Kioo aliona, kwa heshima zote, kwamba amekutana na fundi aliyemzidi.

Hapo mkewe akachungulia kutoka dukani. Alimwona mama yake, akaona pua, mkono ukaenda wenyewe kwenye pakiti ya vijikaratasi.

"Mama, uso wako! Ngoja nikukaushe..."

"Weka hiyo karatasi chini," alisema mama. "Rudi mbele ukauze. Na mumeo asinawe udongo tena, umenisikia?"

"Lakini zimebaki siku saba..."

"Umenisikia?"

Mlango ukafungwa.

Sasa likabaki jambo moja gumu. Mkwe hawezi kumshika mama mkwe pua, hata kwa ajili ya kazi, hata nchi iwe inaungua. Wote wawili walilijua hilo bila kuambiana. Kwa hiyo Kioo aliisogeza meza ya mwanga mpaka mbele ya mama, akamwonyesha kidole kipi, akamwonyesha kwenye pua yake mwenyewe kavu ni wapi. Mama akapitisha kidole. Kikatoka kinang'aa.

"Anzia sikioni, mama. Shuka mpaka kidevuni. Taratibu, usikandamize."

Mkono uliokuwa umekunja maelfu ya mashuka ukasita juu ya filamu. Mama akaushika kwa mkono wa pili. Akaligusa sikio la mumewe, dogo kuliko punje ya mchele, akashuka na kidole shavuni.

"Tulia," alimwambia mumewe, kwa sauti ya mke anayemnyoa mtu asiyetulia. "Tulia, namaliza."

Mkwaruzo ulikuwa unafutika nyuma ya kidole chake. Kioo alipangusa ziada kwa kitambaa, akaipuliza negativu vumbi litoke, akamwomba mama waingie chumba cha giza, maana hakuona haki kumwacha nje. Ndani mama alisimama bega kwa bega na mkwewe mbele ya beseni, chini ya taa nyekundu, hakulalamikia harufu ya dawa wala hakukagua beseni. Mzee wa posta akatoka kwenye karatasi akiwa anacheka, kichwa nyuma, mashavu yote mawili ni yake.

"Meno yake," alisema mama.

Karatasi ilipotundikwa ikauke, walirudi kwenye mwanga. Kioo alichukua pamba, akaitia spiriti, akaishika negativu kwa pembe. Ndiyo desturi ya kazi: ukishachapa, unafuta mafuta yote, filamu inarudi safi kwenye bahasha.

Mama akamzuia mkono.

"Unafanya nini?"

"Naisafisha, mama. Mafuta yakibaki yatashika vumbi."

"Yashike."

"Baada ya miezi michache itahitaji kufutwa na kupakwa tena."

"Basi nitakuja. Pua ninayo." Aliichukua negativu mkononi mwa mkwewe, akaiingiza mwenyewe kwenye bahasha, akaipapasa bahasha juu mara mbili. "Mwaka mzima nimekuwa namfuta, mwanangu. Leo ndiyo nimempaka. Mwache hivyo hivyo."

Kioo akairudisha pamba kwenye kopo, akalifunga.